Kumi na Nane kwa Chumba

Ubaoni bado palikuwa na tarehe. Mwalimu fulani aliiandika asubuhi ya siku shule zilipofungwa, na kwa miezi saba hakuna aliyekuja kuifuta. Fundi seremala aliitazama kidogo, akapiga magoti, akaivuta futi yake ya chuma kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha akaandika namba kwenye kipande cha mbao kwa penseli iliyokaa siku zote nyuma ya sikio. Hakuwa mtu wa karatasi. Karatasi, alizoea kusema, hupotea. Kipande cha mbao utakikuta tu mahali fulani, hata kama kimeshageuzwa mguu wa stuli.

Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni, barakoa imemshukia kidevuni, mikono nyuma.

"Umefikia wapi, Fundi?"

"Naweka vichwa."

Ndivyo mwongozo kutoka ofisi ya elimu ulivyosema: mita moja na nusu kutoka kichwa cha mtoto hadi kichwa cha mwenzake. Basi Fundi alikuwa akitembea na chaki, kila mahali panapostahili kichwa anachora msalaba sakafuni. Mwalimu wa Hesabu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimshikia ncha ya futi. Walipomaliza, darasa lilikuwa na safu tatu, kila safu misalaba sita. Lilionekana kama makaburi ya watu wadogo, lakini hakuna aliyelisema hilo.

"Kumi na nane," alisema Mwalimu wa Hesabu.

"Rudieni," alisema Mkuu.

Walirudia. Fundi alisogeza safu ya kwanza mpaka ikakaribia kugusa ukuta. Waliitoa meza ya mwalimu nje. Kumi na nane. Wakaenda chumba cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vilijengwa kwa ramani moja na vyote vilitoa namba moja. Cha tano hakikuwa na paa.

Mkuu aliwaita ofisini kwake. Juu ya meza palikuwa na fomu, na karibu kila nafasi ilikuwa imeshajazwa kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Idadi ya madarasa, manne. Idadi ya wanafunzi wa darasa la mtihani, sitini na watatu. Wa darasa linalofuata, sitini na wawili. Wanafunzi kwa kila chumba, thelathini na wawili. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu: sahihi ya fundi aliyepima.

Fundi alisoma mara mbili. "Mwalimu, hii thelathini na mbili imetoka wapi?"

"Imetoka kwa watoto. Chukua watoto wote wa madarasa mawili, gawanya kwa vyumba vinne. Muulize mwenzangu huyu wa Hesabu."

"Hesabu ya kugawanya ni sahihi," alisema Mwalimu wa Hesabu, akitazama dirishani. "Vyumba ndivyo vimekataa."

Mkuu alivuta kiti, akakaa, na alipozungumza tena sauti yake haikuwa ya kuamrisha. "Nisikilize, ndugu yangu. Mwaka jana nilikuwa na watoto. Sasa nina orodha. Nimepita nyumba kwa nyumba. Msichana mmoja anafua nguo za watu. Mwingine ameposwa, na bado hajatimiza miaka kumi na mitano. Wavulana wawili wanavunja kokoto, na ukiwauliza habari za shule wanacheka kama umewauliza habari za mwezini. Kila wiki ninayochelewa napoteza mtoto. Tukiandika kumi na nane, nusu ya hawa hawarudi. Unanielewa? Si kwamba watachelewa. Hawarudi."

"Nakuelewa, Mwalimu."

"Basi weka sahihi. Madawati ya watatu watatu utayakata wewe, uyafanye ya mmoja mmoja. Kazi hiyo nimeshakuombea."

Fundi aliishika kalamu. Tangu ugonjwa uingie mjini, hakuna aliyemwagiza kitanda wala kabati. Aliyokuwa akitengeneza ni majeneza, na hata hayo aliyakataa baada ya la nne. Aliirudisha kalamu mezani taratibu.

"Nipe mpaka kesho," alisema. "Kesho si kuna kikao cha wazazi?"

*

Mke wa Fundi alikuwa mfuaji wa nguo hospitalini. Kila jioni aliingilia nyuma ya nyumba, akavua sare yake, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akaoga hapohapo nyuma ya ukuta wa mabati, ndipo akaingia ndani na kusalimia. Kwa miezi saba binti yake hakuwa amemkumbatia mama yake kabla hajanuka sabuni.

Walikuwa wanne katika vyumba viwili. Kimoja cha mume na mke, ambacho mchana kilikuwa sebule. Kingine cha binti yao, aliyeitwa Kifimbo kwa wembamba wake, na bibi yake mzaa mama. Bibi alikuwa ameugua kifua zamani, akapona nusu. Daktari alisema pafu moja limebaki la kuhesabia tu. Usiku alipumua kwa sauti ya msumeno butu, na Kifimbo alikuwa amezoea kulala kwa sauti hiyo kama wengine wanavyolala kwa sauti ya mvua.

Chakula kilipokwisha, Fundi aliwasimulia habari ya fomu. Hakutaka kusimulia mbele ya mtoto, lakini katika vyumba viwili hakuna mbele wala nyuma.

"Sasa tatizo liko wapi, Baba?" Kifimbo aliuliza. "Si utie sahihi tu. Kila mtu anatia."

"Nimepima kumi na nane."

"Tutajibana. Siku zote tumejibana. Mimi nilikuwa nakaa katikati, mkono mmoja ndio ulikuwa wa kuandikia, mwingine wa kujizuia nisianguke."

"Ndiyo maana walifunga," alisema mama yake.

"Walifunga wakasema wiki tatu!" Sauti ya msichana ilipanda. "Wewe unatoka kwenda kazini. Baba anatoka. Hata wauza samaki wanatoka. Mimi peke yangu ndiye niliyefungiwa. Madaftari yangu nimeyasoma mpaka nayajua makosa ya mwalimu."

Mama yake hakumkemea. Alikuwa akijipaka mafuta kwenye vidole vilivyochubuka kwa dawa ya kufulia. "Mimi sikuambii cha kufanya, Baba Kifimbo," alisema. "Nakwambia ninachofua. Mwezi uliopita, mashuka ya wodi ile yalijaa matenga mawili kwa siku. Wiki hii ni matenga matano. Wakubwa wanasema ugonjwa unapungua. Huenda unapungua huko wanakokaa. Kwangu mimi unakuja na tenga."

"Na ukizingatia hali ya Mama," Fundi alisema kwa sauti ya chini, akielekeza macho kwenye mkeka alipoketi mama mkwe wake.

"Kifimbo angeweza kulala hapa na sisi," alisema mkewe.

"Au Mama aende kwa kaka yako kwa muda."

"Kwa kaka wako tisa."

"Au tumhamishie kwenye karakana yangu, nikaizibe vizuri..."

"Jamani," Bibi alisema. Wote watatu walimgeukia. "Mnanizungumza kama kabati lililokosa pa kuwekwa. Nipo. Nasikia. Masikio hayakuugua kifua."

Fundi aliinamisha kichwa. "Tuwie radhi, Mama. Tulikuwa tunakufikiria."

"Mmenifikiria sana. Hamkuniuliza." Alikohoa kidogo, akawanyoshea kidole kuwazuia wasisogee. "Mimi sitaki mjukuu wangu abaki mjinga kwa sababu yangu. Na sitaki kufa kwa sababu ya mtu aliyeona uvivu kuhesabu. Haya mawili mkiyaweza yote, vizuri. Mkiweza moja, mniambie ni lipi. Msinifiche tu."

Kifimbo aliondoa vyombo, akavigonganisha kwa makusudi, kila sahani kwa kishindo chake.

*

Kikao kilifanyika uwanjani, wazazi wakiwa wamesimama kila mmoja kwenye duara lake la chokaa. Mkuu aliwasomea fomu tangu juu mpaka chini. Alipofika mstari wa mwisho alinyamaza, akamtazama Fundi.

"Fundi wetu ana neno," alisema. Alilisema kwa upole wa mtu anayemsukuma mwenzake mtoni.

Fundi hakuwa msemaji. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Ndugu wazazi, nilipima. Chumba kinachukua kumi na nane. Nilipima mara mbili. Thelathini na wawili hawaenei, labda tupunguze hiyo mita na nusu, na hiyo si yangu kuipunguza."

Minong'ono ilianza. Mwenye Bucha, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye mwanawe alikuwa darasa la mtihani, alitoka kwenye duara lake hatua moja mbele.

"Wenzangu, hebu tufikiri. Watoto wakikaa mbalimbali, madawati yatakatwa, sivyo? Yatakatwa na nani? Na huyu! Kadiri wanavyokaa mbali, ndivyo anavyopata kazi. Jana fundi wa vitanda, leo amekuwa daktari. Anapima kwa faida ya tumbo lake!"

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya wote. Walicheka kwa sababu walikuwa na hofu na mtu amewapa nafasi. Lakini Fundi alihisi uso unawaka. Alifikiria kueleza kwamba dawati hukatwa vilevile, wawe kumi na nane au thelathini na wawili, na kwamba hiyo namba kubwa ndiyo ingempa kazi zaidi. Akaona maelezo ni marefu na kicheko ni kifupi.

"Basi kata wewe," alisema. "Msumeno nitakuazima."

Kicheko kikageukia upande wa pili.

"Kazi hiyo siifanyi," Fundi aliendelea, na sasa maneno yalikuja yenyewe. "Mpeni mtu mwingine. Ila kabla hamjaamua, naomba kitu kimoja. Chumba kile pale. Madawati yamo. Wazazi thelathini na wawili waingie wakae, kama watakavyokaa watoto wao. Dakika kumi tu. Mkiona panafaa, natia sahihi hapahapa."

"Hilo tu?" alisema Mwenye Bucha. "Twendeni."

Aliingia wa kwanza, akajipenyeza kwenye dawati la mbele, magoti yakagota ubao. Wengine walimfuata wakitaniana, wakiitana majina ya walimu wao wa zamani. Kumi waliingia wakicheka. Walipofika ishirini na wanne kicheko kilikuwa kimepungua, kwa kuwa sasa bega lilikuwa linagusa bega, na barakoa zilizokuwa kidevuni zilikuwa zinapandishwa moja baada ya nyingine. Kina mama wawili walifika mlangoni, wakachungulia, wakarudi nyuma.

"Ingieni," Fundi aliwaambia. "Bado wanane."

"Hapa panatosha," mmoja alisema.

Ndani, kijana mmoja aliyekaa na Mwenye Bucha dawati moja alikohoa. Huenda lilikuwa vumbi la chaki. Huenda ni mate yalimpalia. Lakini Mwenye Bucha aliegemea ukutani kwa nguvu hata dawati zima likasogea pamoja naye, na kwa muda hakuna aliyevuta pumzi mle ndani.

"Hebu fungueni dirisha," alisema.

"Yamepigiliwa misumari," alijibu Mwalimu wa Hesabu kutoka nje. "Tangu vioo vilipovunjika. Yote."

Walitoka bila kuambiwa. Hawakungoja dakika kumi. Uwanjani kila mtu alirudi kwenye duara lake, na mwanamke mmoja muuza mboga, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, ndiye aliyeuliza:

"Sasa kumi na nane mara vyumba vinne, hao ni wangapi?"

"Sabini na wawili," alisema Mwalimu wa Hesabu. "Darasa la mtihani wanaenea. Darasa linalofuata, hapana. Labda tuwe na zamu, hawa asubuhi, wale mchana. Walimu tuliobaki tuko watano. Mimi nitafundisha zote mbili."

"Fomu haina nafasi ya zamu," alisema Mkuu.

"Tutaiandika pembeni."

"Na wakikataa pembeni?" Muuza mboga alimgeukia Fundi. "Wa kwangu yuko darasa hilo linalofuata. Watabaki nyumbani. Wa kwako yuko lipi?"

"Hilohilo la wa kwako," alisema Fundi.

Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa, na Fundi hakujua kama alikuwa anakubali au anasikitika. Mwenye Bucha alikuwa ameshaanza kuvuta ubao wa dirisha kwa mikono mitupu. "Fundi," aliita bila kugeuka, "lete basi hicho cha kung'olea misumari."

*

Ofisi ya elimu ilikuwa imewekwa pazia la nailoni mbele ya meza, na karani alikaa nyuma yake kama samaki. Mkuu na Fundi walikuwa wamevaa mashati ya kutokea, na fomu sasa iliandikwa kumi na nane, sahihi ya Fundi chini yake. Karani hakuipokea fomu. Aliwaonyesha boksi la katoni mlangoni.

"Tumbukizeni humo. Karatasi hupumzika siku tatu kabla hatujaigusa."

"Lakini mwisho wa kupokea ni leo," alisema Mkuu.

"Ndiyo. Ni leo."

"Kwa hiyo itahesabiwa imefika leo, au siku itakapoamka?"

Karani hakucheka. Waliketi kwenye benchi la nje mpaka afisa mwenyewe alipotoka kwenda kula, wakamkimbilia kwa heshima, yaani kwa hatua za haraka zisizoonekana kuwa mbio. Alisoma fomu akiwa amesimama, kaishika kwa ncha za vidole.

"Kumi na nane," alisema. "Ninyi ndio wa kwanza kuniandikia namba ya chini ya thelathini. Shule za wenzenu zina vyumba vikubwa sana, naona." Akaguna. "Na hizi zamu, hazimo kwenye mwongozo."

"Tumeziandika pembeni," alisema Fundi.

"Pembeni si kwenye mwongozo."

Jibu lilikuja baada ya siku nne, mistari miwili. Darasa la mtihani lifunguliwe Jumatatu. Darasa linalofuata lisubiri hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Fundi alimpa Kifimbo barua aisome mwenyewe. Msichana aliisoma, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akamrudishia baba yake.

"Shule ile ya ng'ambo ya barabara wamefungua wote," alisema. "Vyumba vyao ni kama vyetu. Nimewahi kuingia."

"Najua."

"Basi ni wewe tu," alisema, akaenda zake nyuma ya nyumba, na kwa siku nyingi baada ya hapo alimjibu baba yake kwa ndiyo na hapana.

*

Wiki mbili baadaye shule ya ng'ambo ya barabara ilifungwa tena, kimyakimya, bila tangazo. Mke wa Fundi alileta habari kutoka kazini kwamba walimu wawili wa pale walikuwa wamelazwa, na mmoja shuka lake lilikuja kufuliwa mara ya mwisho. Fundi hakuifurahia habari ile wala hakuitaja mbele ya binti yake. Kifimbo aliisikia kwingine, na yeye pia hakuitaja.

Wiki ya saba ndipo ofisi ilipokubali zamu. Darasa linalofuata waanze Jumatatu, mchana.

Jumamosi asubuhi Bibi alimwita mkwewe. Alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki chini.

"Mwanangu, nataka ukuta. Hapa katikati. Mtoto akae upande wa mlango, mimi upande wa dirisha. Umenisikia? Si ukuta wa kunihifadhi kama mkate. Nataka uwe na mlango, na komeo liwe upande wangu."

"Upande wako, Mama?"

"Nani mwingine? Nikijisikia vizuri nitafungua. Nikiona kifua hakinitaki siku hiyo, nitafunga, na hakuna wa kukasirika. Ninyi mmefunga na kufungua vya kutosha."

Fundi alileta mbao za masalia kutoka karakana. Ilihitajika mikono miwili zaidi, na Kifimbo, bila kuitwa, alikuja akashika ncha ya ubao. Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Baba alipima, binti akaweka alama ya penseli. Baba akakata, binti akapuliza vumbi. Walipokuwa wakisimamisha nguzo ya mlango, binti ameishikilia kwa bega, alisema bila kumtazama:

"Baba, nikuulize?"

"Uliza."

"Ile siku. Ulipima kwa sababu ya Bibi?"

Fundi alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja, akapata muda wa kufikiri, na alipofikiri akaona hana sababu ya kumdanganya.

"Mara ya kwanza nilipima chumba tu. Wala sikumkumbuka mtu. Mkuu aliponiambia nirudie, ndipo nikamkumbuka bibi yako. Nikakukumbuka na wewe. Nilitamani itoke namba nyingine, wallahi nilitamani. Nilisogeza mpaka ukutani." Alipigilia msumari wa kwanza. "Ikatoka ileile."

Kifimbo aliendelea kuishikilia nguzo. Baada ya muda alisema, "Imelala kidogo upande wako."

Ilikuwa imelala kweli. Baba yake aliinyoosha.

Komeo lilipokaa, Bibi alilifunga na kulifungua mara kadhaa, akiwa amekunja uso kama mnunuzi sokoni asiyetaka kuonyesha kwamba amependa. "Linakwaruza," alisema hatimaye. Fundi alilipaka nta, akamkabidhi tena.

*

Jumatatu Kifimbo alitoka saa sita, sare imembana mabegani. Miezi saba na wiki saba zilikuwa zimemrefusha. Alirudi jioni. Aliogea nyuma ya mabati kama mama yake, akaingia, akaketi mbali kidogo. Walitarajia maneno mengi. Alikuwa na machache.

"Tulikuwa hamsini na watatu," alisema.

Mama yake aliacha kukunja nguo. "Kati ya sitini na wawili?"

"Ndiyo. Mwenzangu wa dawati hayupo. Yule wa mtaa wa bomba. Wanasema amepelekwa mjini kulea watoto wa watu. Wengine wanasema yupo, ila hataki tena." Alichezea ukingo wa sketi. "Mwezi uliopita alikuwepo. Nilimwona kisimani. Aliniuliza tunafungua lini, nikamwambia sijui, muulize baba yangu."

Hakuna aliyemlaumu Fundi. Mkewe alimtazama, akakunja nguo iliyofuata. Bibi, nyuma ya ukuta wake ambao siku hiyo aliufunga, alikohoa kidogo na kunyamaza. Fundi alikaa akiitazama mikono yake. Watoto tisa. Namba aliyoandika ilikuwa ya kweli, angeiandika tena kesho, na watoto tisa hawakurudi. Alijaribu kuona kama jambo moja linapunguza lile jingine, na halikupunguza. Yote mawili yalikaa palepale, kila moja na uzito wake.

Asubuhi hakufungua karakana. Alikwenda shuleni na kumkuta Mkuu kwenye ngazi, kofia kichwani, ile orodha mkononi, anajiandaa kutoka peke yake. Alikuwa amekonda. Kwa wiki saba walikuwa wamesalimiana kwa mbali tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo sina kazi ya kukupa, Fundi."

"Sikuja kuomba kazi. Hao tisa unawatafuta lini?"

Mkuu alimtazama. Kama alikuwa na neno la kumwambia, la nilikwambia, alikuwa na haki nalo. Alilimeza. "Sasa hivi," alisema. "Kwa miguu. Watatu wa kwanza wako mtaa wa bomba. Wazazi wengine hawatafungua wakiniona mimi. Wanajua ninachokuja kusema."

"Mimi nitasema kwamba madirisha yamefunguliwa. Nitasema watoto wanakaa mbalimbali, nimepima mwenyewe. Wasiponiamini nitawaleta waone."

"Na kama mtoto ameshapelekwa mbali?"

"Tutauliza wapi."

Waliondoka pamoja, mita moja na zaidi kati yao kwa mazoea, Mkuu upande wa kivuli, Fundi upande wa jua. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mlango wa mabati na pazia la maua. Mkuu aliangalia orodha yake, akaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni kumpisha mwenzake. Fundi alipandisha barakoa, akakohoa mara moja mbali, akabisha hodi.

Kimya. Akabisha tena.

Ndani kikasikika kiti kikisogezwa.